Subaru Impreza WRX: gharama ya kumiliki gari la kasi kutoka Japan

Kundi la nyota ambalo wakulima wa Afrika Mashariki waliliita Kilimia, wakilitazama ili kujua majira ya kulima, Wajapani huliita Subaru. Nyota sita za kundi hilo zimechorwa katika nembo ya kampuni ya magari yenye jina hilo. Katika miji kama Nairobi nembo hiyo inafahamika mno, ingawa mara nyingi gari lenyewe husikika kabla halijaonekana.

Impreza WRX ni gari la milango minne na viti vitano, lenye umbo la gari la kwenda nalo ofisini au kupeleka watoto shule. Lilianza kuuzwa Japan mwaka 1992, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,994 yenye turbo, nguvu za farasi 240, na mwendo unaopelekwa kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 1994 lilifuatwa na toleo kali zaidi la STI, herufi zinazosimama badala ya Subaru Tecnica International, tawi la kampuni hiyo linaloshughulikia mashindano.

Sifa za gari hilo zilitangazwa na mashindano ya magari kuliko matangazo ya biashara. Colin McRae wa Uskochi alitwaa ubingwa wa dunia akiwa ndani ya Impreza mwaka 1995, akafuatwa na Richard Burns wa Uingereza mwaka 2001 na Petter Solberg wa Norway mwaka 2003. Kwa Wakenya lililobaki akilini zaidi ni Safari Rally, ambayo McRae alishinda na Impreza mwaka 1997 na Burns mwaka 2000. Watu waliosimama kando ya barabara za vumbi kuyatazama magari hayo yakipita, pamoja na watoto waliobebwa mabegani siku hizo, ndio waliokuja kuwa wanunuzi.

Lakini kati ya kulitamani gari hilo na kuweza kulitunza kuna safari ndefu. Liliundwa kwa ajili ya petroli ya Japan, barabara za Japan na mafundi wa Japan, na asiyeyazingatia hayo huweza kupoteza injini nzima katika muda mfupi.

Ndondi chini ya boneti

Katika injini nyingi pistoni hupanda na kushuka. Katika injini ya Subaru pistoni nne zimelazwa ubavu, mbili kila upande, zikienda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili wanaokabiliana. Kwa kuwa injini imelala, uzito wa gari hukaa chini, na ndiyo sababu gari hukata kona bila kuyumba sana.

Ngurumo inayosifika haitokani na ulalo huo peke yake. Chanzo chake ni mabomba ya kutolea moshi ambayo urefu wake haulingani, hivyo mapigo ya moshi kutoka kila silinda hufika kwenye turbo kwa vipindi visivyo sawa. Jambo ambalo wapenzi wengi wa gari hili hushangaa kulisikia ni kwamba matoleo ya STI yaliyotengenezwa kwa soko la Japan tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipewa mabomba yenye urefu sawa ili turbo ifanye kazi vizuri zaidi, na ngurumo ikapungua. Wapo wanunuzi wanaoyang'oa mabomba hayo na kufunga ya zamani ili kelele irudi. Wanalipa fedha nzuri ili gari lipoteze wepesi wake.

Jingine la kufahamu ni nguvu zinazoandikwa katika karatasi. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japan walikuwa na mapatano yasiyo ya kisheria ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu za farasi 280, na magari yao yalizuiwa yasipite mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Kwa hiyo tarakimu ya 280 katika STI ya miaka hiyo ni ya adabu kuliko ya vipimo.

Kusoma karatasi ya mnada

Magari ya mtumba hutoka Japan kwa wingi, na sababu kubwa ni ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake, pamoja na kodi na bima zinazoandamana nayo, humfanya Mjapani wa kawaida aone heri auze gari kuliko kulitengeneza. Magari hayo hupelekwa kwenye minada, na huko ndiko mawakala wa mauzo ya nje wanakonunua.

Kila gari la mnada huwa na karatasi moja ya ukaguzi, na anayenunua akiwa Mombasa, Muscat au Manchester hana shahidi mwingine zaidi ya karatasi hiyo. Juu yake pana alama ya jumla. Nne na nusu ni gari safi, nne ni zuri, tatu na nusu limechoka kidogo. Herufi R au RA humaanisha gari liliwahi kupata ajali iliyogusa mifupa yake, likatengenezwa. Chini huchorwa umbo la gari likiwa limejaa herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa kabisa.

Wauzaji huwapa wateja picha zenye kung'aa bila kusita, ilhali karatasi hii wengine huitoa kwa shingo upande. Mnunuzi anapaswa kuidai kabla ya kutuma fedha na kumtafuta mtu anayesoma Kijapani amtafsirie maelezo ya mkaguzi, kwani huko ndiko huandikwa kwamba turbo si ya asili, klachi inateleza, au kompyuta ya injini imeguswa. Kwa gari kama Corolla maelezo hayo huenda yasiwe na uzito mkubwa. Kwa WRX ndiyo yanayoamua. Gari la aina hii mara nyingi limepitia mikono ya kijana aliyeongeza msukumo wa turbo, akalikimbiza milimani usiku, kisha akarudisha vifaa vya asili siku mbili kabla ya mnada.

Mlango wa kila nchi

Kenya huruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, nalo lazima liwe na usukani wa kulia na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kodi haikokotolewi kwa bei aliyolipa mnunuzi kule mnadani. Mamlaka ya Mapato hutumia orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza thamani kulingana na umri. Aliyebahatika kupata WRX kwa bei ya kutupa Japan hulipa kodi ileile anayolipa jirani yake aliyenunua ghali, na wengi hugundua hilo gari likiwa tayari bandarini.

Kanuni hiyo ya miaka minane imelifanya gari linalopendwa zaidi kuwa gari lisiloweza kuingizwa tena. Impreza za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizopo Nairobi ndizo hizo hizo, hakuna nyingine zinazokuja. STI ya mwisho ya soko la Japan yenye injini ya asili ilikoma kutengenezwa mwanzoni mwa mwaka 2020, na mwaka 2022 Subaru ilitangaza kwamba haitatengeneza STI nyingine ya petroli kwa umbo jipya la gari hilo. Endapo kanuni haitabadilika, ifikapo mwaka 2028 mlango wa Mombasa utakuwa umefungwa hata kwa hiyo ya mwisho.

Tanzania haikuweka katazo la moja kwa moja, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililopita miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Rwanda, ambako huendeshwa upande wa kulia wa barabara, ilizuia magari yenye usukani wa kulia tangu mwaka 2005.

Anayerejea kuishi nyumbani ana nafasi ya pekee. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu anayehamisha makazi yake kuingiza gari moja bila ushuru, mradi awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za safari ya meli. Msamaha huo ni wa ushuru tu. Kwa anayekwenda Kenya sharti la miaka minane hubaki palepale, na waliouza kila kitu London wakabaki na gari lao pendwa tu wameshawahi kulizuiliwa kwa sababu hiyo.

Uingereza usukani ni wa kulia kama Japan, na soko la magari haya lilishamiri huko miaka ya 1990 kwa sababu Impreza iliyouzwa rasmi nchini humo ilikuwa na nguvu pungufu kuliko ya Kijapani. Magari yaliyoagizwa na watu binafsi yalizidi hata kampuni iliyokuwa ikiuza Subaru nchini humo ikaagiza toleo lake kali liitwalo P1, magari 1,000 tu, mwaka 2000. Kwa anayeagiza leo, gari lililovuka miaka 10 limeepushwa na ukaguzi mgumu wa magari ya kigeni, lakini lazima lipite ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka, liwe na kipimo cha mwendo kwa maili na taa ya ukungu nyuma, na taarifa yake ifike idara ya kodi ndani ya siku 14 tangu kuwasili. Mkazi wa London ana hesabu nyingine, kwani tangu Agosti 2023 mitaa yote ya jiji hilo imo katika eneo ambalo gari la petroli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 4 hutozwa pauni 12.50 kwa siku, na gari la Kijapani mara nyingi huja bila karatasi ya kuthibitisha kiwango hicho.

Adui mkubwa zaidi huko, hata hivyo, ni chumvi. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan hayakupakwa kinga ya kutosha chini. Kutu huanzia juu ya magurudumu ya nyuma, ndani kwa ndani, na jicho huiona ikiwa imeshakula bati. Kulipaka gari dawa ya kuzuia kutu wiki ya kwanza ni nafuu kuliko kuchomelea bati baada ya miaka mitatu.

Katika Ghuba hali ni tofauti. Gari lenye usukani wa kulia halisajiliwi kwa matumizi ya barabarani Oman wala Umoja wa Falme za Kiarabu, hivyo anayetaka WRX huko hununua ile iliyouzwa rasmi yenye usukani wa kushoto. Hata hivyo Dubai ina eneo huru lililofunguliwa mwaka 2000 mahususi kwa biashara ya magari ya mtumba yanayosafirishwa tena nje, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamekuwa wateja wake wakubwa. Faida yake ni kwamba mnunuzi huligusa gari kwa mkono wake na kusikia injini ikiwashwa, jambo ambalo picha za Japan haziwezi kutoa.

Marekani nayo ilipokea WRX rasmi mwaka 2001. Zile za kale za Kijapani huruhusiwa zikishatimiza miaka 25, hivyo za mwaka 1992 zilifunguliwa mlango mwaka 2017. Tangu hapo wakusanyaji wa Kimarekani wamekuwa wakishindana mnadani na kila mtu mwingine, na bei zimepanda.

Petroli

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia. Japan huuza petroli za aina mbili, na ile ya daraja la juu hufikia oktani 100 kwa kawaida. WRX na STI zilipangwa kutumia hiyo. Petroli ya kawaida ya Kenya ni ya oktani 93.

Oktani ni kipimo cha uvumilivu wa petroli inapogandamizwa. Turbo huisukuma hewa nyingi ndani ya silinda, joto hupanda, na petroli dhaifu hulipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Mlipuko huo huipiga pistoni ingali inapanda. Kompyuta ya gari ina kisikilizi kinachonasa mgongo huo na kuchelewesha cheche, na ndiyo maana wenye magari husema gari limekuwa zito siku ya jua kali. Hiyo ni huruma ya kompyuta, nayo ina mpaka. Mtu akishikilia mwendo mkali kwa muda mrefu, mathalani akipanda kutoka Naivasha kwenda Limuru huku gari limejaa abiria, ukuta mwembamba unaotenganisha ringi za pistoni huvunjika. Silinda moja hupoteza nguvu, moshi wa buluu hutoka, na injini huhitaji kufunguliwa yote.

Tiba ya kweli ni kuipanga upya kompyuta kwa petroli inayopatikana, gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, na kukubali kupoteza sehemu ya nguvu hizo. Petroli ya daraja la juu inayouzwa na baadhi ya vituo husaidia. Chupa za kuongeza oktani husaidia kidogo, na si jambo la kutegemea kila siku. Ajabu ni kwamba fedha za mwanzo za wenye magari wengi huenda kwenye bomba kubwa la moshi na vali ya turbo inayopiga mluzi, yaani kwenye kelele, huku kompyuta ikiachwa na mpango uleule wa Tokyo.

Wakazi wa Ghuba hawana shida hiyo, kwani petroli ya oktani 95 na 98 ipo. Shida yao ni joto. Kipoza hewa cha Impreza kimewekwa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na gari likisimama kwenye foleni mwezi wa Julai hugeuka kuwa kipasha hewa.

Oili, mkanda na matairi

Injini ya WRX huchukua zaidi kidogo ya lita nne za oili, na hutumia sehemu yake kati ya huduma moja na nyingine. Mwenye gari asiyechomoa kijiti cha kupimia kila anapojaza petroli anacheza kamari. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na iwe ya asili. Katika matoleo ya kuanzia miaka ya 2000 pana kichujio kidogo sana ndani ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kikizibwa na masizi, turbo hukauka na kufa bila dalili ya mapema. Mafundi wengi hawakijui, na inafaa kumwonyesha fundi kabla ya kumwachia gari.

Mkanda unaounganisha vali na pistoni hubadilishwa kufikia kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugonga pistoni. Gari la mtumba lisilo na kumbukumbu ya huduma lihesabiwe kuwa mkanda wake umekwisha, hata kama kipimo kinaonyesha kilomita 70,000.

Kisha matairi, ambako wengi hukosea kwa nia njema ya kubana matumizi. Kwa kuwa magurudumu manne yote yanavutwa, mizunguko yao lazima ilingane. Tairi moja jipya likifungwa pamoja na matatu yaliyolika, lile jipya huzunguka mara chache zaidi, na tofauti hiyo hubebwa na difu ya katikati, ambayo huchemka hadi kuharibika. Tofauti ya mzingo inayovumilika ni takriban milimita 6. Tairi likipasuka Mtito Andei na fundi akafunga lolote lililopo dukani, gari liendeshwe polepole hadi mjini na yabadilishwe yote.

Mtu huuliza kuhusu ulaji wa petroli mwishoni, baada ya kulipenda gari. Mjini, kwenye foleni, WRX hupata kilomita saba hadi tisa kwa lita likiendeshwa kwa utulivu. Sheria ya Kenya huruhusu magari madogo mwendo wa juu wa kilomita 110 kwa saa, hivyo sehemu kubwa ya uwezo unaolipiwa hukaa bila kazi.

Bima na vipuri

Kampuni za bima huliogopa gari hili. Uingereza, kijana wa miaka 21 huweza kuombwa kiasi kinachokaribia bei ya gari lenyewe, na mabadiliko yoyote yaliyofanywa, hata rimu peke yake, lazima yatajwe. Lisilotajwa hugeuka sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali.

Vipuri vya kawaida hupatikana Kirinyaga Road jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam. Kwa vile vya STI, hasa gia boksi ya gia sita, wengi huagiza kutoka Japan au kwenye masoko ya vipuri vya mtumba ya Sharjah, ambako gari lililokatwa nusu huuzwa likiwa na injini, gia boksi na nyaya zake zote. Kununua nusu hiyo nzima huwa nafuu kuliko kutafuta kipande kimoja kimoja, na kompyuta huja pamoja na injini iliyoizoea. Kabla ya kuifunga, injini ifunguliwe kwenye sampu na chembe za chuma zitafutwe ndani ya oili. Baada ya kuifunga, namba yake mpya ipelekwe kwa mamlaka ya usajili na kuandikwa katika kadi ya gari, kwa maana polisi wakaguzi husoma namba ya injini, na mnunuzi wa pili naye ataisoma.